TOVUTI YA KIKUNDI: NANI ANAANDIKA, NANI ANASHIKA UFUNGUO?

Somo la kujifunza pamoja. Someni kidogo kidogo, mjadili, kisha muendelee. Laweza kuchukua mikutano miwili.



Siku hizi kikundi kikitafuta soko la bidhaa zake, au kikiandika barua ya kuomba msaada wa mradi, kuna swali moja ambalo halikosi: "Tovuti yenu ni gani?" Wengi wetu tukisikia hivyo tunashtuka. Tunakimbia kumtafuta kijana aliyesomea kompyuta, tunachanga pesa, na baada ya wiki mbili tovuti iko hewani. Tunapiga makofi. Halafu basi, imeisha hivyo.

Mwaka mmoja baadaye ukiifungua unakuta bado inawakaribisha watu kwa sherehe iliyopita zamani. Mwenyekiti aliye kwenye picha alishatoka uongozini. Nambari ya simu haipatikani. Au mbaya zaidi, ukiandika lile jina la tovuti unaletewa matangazo ya kamari. Mnunuzi akiona mambo kama hayo hapigi simu kuuliza kulikoni. Anaenda kwa wengine, nanyi hamtajua kwamba aliwahi kupita.

Katika somo hili hatufundishi kutengeneza tovuti. Hiyo ni kazi ya fundi, na mafundi wako. Tunaangalia kazi inayobaki kwa kikundi fundi akishaenda zake: kuandika yaliyomo, kuyapakia, kuyatunza, na kuamua ni mambo gani hayafai kuwekwa huko hata kidogo. Kupakia maana yake ni kupeleka maandishi na picha kutoka kwa simu au kompyuta yenu hadi kwenye tovuti, ili mtu yeyote mwenye mtandao aweze kuyaona, awe yuko Kitui au awe yuko Ujerumani.

Kabla ya kuanza, mmoja wenu asome Luka 14:28-30, pale Yesu anapomtaja mtu anayetaka kujenga mnara. Mjiulize kama ninyi mko tayari kwa gharama ya mwaka wa pili na wa tatu, si ya kuanza tu. Kama soko lenu ni la Jumanne pale senta, na wanunuzi wote mnawajua kwa majina, kibao kizuri kando ya barabara chenye nambari ya simu huenda kikawafaa kuliko tovuti. Si aibu. Pia wako wanaosema ukurasa wa Facebook unatosha. Kwa kuanza, unatosha. Lakini huko mnauza kwenye uwanja wa mtu mwingine, na mwenye uwanja akibadilisha masharti mtafuata tu.

VITU VITATU

Tuchukue mfano wa kikundi cha akina mama wanaosuka viondo vya mkonge. Tovuti yao ina vitu vitatu. Tunavitenganisha kwa sababu watu huvichanganya, na hapo ndipo wanapopotelea.

Kuna jina. Jina la tovuti ni kama sanduku la posta: mnalilipia kila mwaka, na msipolipa linafungwa na laweza kuchukuliwa na mwingine. Wako watu ambao kazi yao ni kuvizia majina yaliyoachwa ili watie matangazo yao, na ndiyo sababu ya ile kamari tuliyotaja. Hapa Kenya majina yote yanayoishia kwa .ke husimamiwa na KENIC, na mnayanunua kupitia kwa mawakala wake. Yale ya .or.ke yalikusudiwa mashirika yasiyo ya biashara, .co.ke ni ya makampuni, na .sc.ke ni ya shule.

Kuna mahali pa kukaa, yaani nafasi mnayokodi katika kompyuta isiyozimwa usiku na mchana. Hii ni kama kukodi kibanda sokoni. Nayo hulipiwa.

Na kuna yaliyomo, ambayo ni bidhaa zenyewe ndani ya kibanda.

Sasa angalieni hili sana. Fundi akisajili jina kwa majina yake na kwa barua-pepe yake, mbele ya wakala jina hilo ni lake, hata kama pesa zilitoka kwa mfuko wenu. Akihamia Nairobi, akikosana nanyi, au akiaga dunia, mtabaki mkizunguka. Hata akiwa mtu mwaminifu kabisa, mtazunguka. Kwa hivyo kikundi kifungue kwanza barua-pepe ya kikundi, kisha jina lisajiliwe kwa jina lile lile lililo kwenye cheti cha kikundi. Risiti ikae kwenye faili ya mweka hazina. Siku ya kulipa tena iandikwe kwenye kalenda mwezi mmoja mbele, kwa sababu sote twajua vile pesa za kikundi hukusanywa polepole.

KUFULI TATU

Vikundi vya kuweka na kukopa vinalijua lile sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Watu watatu wana funguo, na mwenye kulitunza sanduku hana hata mmoja. Hakuna anayekasirika kwamba haaminiwi. Ndivyo kazi inavyofanywa. Lakini kikundi hicho hicho kikipata tovuti, kinampa kijana mmoja neno la siri na kusahau kabisa!

Tovuti nyingi ndogo hutumia programu inayoitwa WordPress, iliyoanza mwaka 2003 na ambayo haiuzwi. Ndani yake watu hupewa vyeo tofauti, na ni vizuri mvijue ili fundi asiwaambie kwamba haiwezekani. Msimamizi anaweza kufanya yote, hata kufuta tovuti nzima. Mhariri anaweza kuchapisha na kurekebisha maandishi ya kila mtu. Mwandishi anachapisha yake peke yake. Mchangiaji anaandika, lakini yale aliyoandika hayaonekani na watu mpaka mwenye cheo cha juu ayapitishe. Mchangiaji huyo hawezi hata kupakia picha.

Maoni yetu ni haya. Usimamizi uwe na watu wawili, si mmoja na si watano. Katibu awe mhariri. Vijana wanaojitolea kuandika waanze kama wachangiaji. Kila mtu awe na neno lake la siri, refu, lisilo jina la mtoto wala mwaka wa kuzaliwa. Yale maneno ya wasimamizi yaandikwe kwenye karatasi, yatiwe ndani ya bahasha, bahasha ifungwe na kutiwa sahihi juu, kisha iwekwe ndani ya lile sanduku la kufuli tatu. Siku ya uchaguzi, viongozi wapya wanapokabidhiwa vitabu na mhuri, maneno ya siri yabadilishwe siku hiyo hiyo na bahasha mpya iwekwe. Fundi naye akimaliza kazi, jina lake litolewe mle ndani. Si kumfukuza. Akihitajika atafunguliwa tena.

Mkitumia kompyuta ya saiba, jihadharini. Kompyuta ikiuliza kama ihifadhi neno la siri, kataeni. Mkimaliza, mtoke kabisa ndani ya tovuti kabla ya kuinuka. Kufunga dirisha tu hakutoshi.

Kwa nini tunasisitiza hivi? Kwa sababu mwizi akiingia, si lazima aharibu kitu mkione. Anaweza kubadilisha tarakimu mbili tu katika nambari ya kulipia, akaondoka zake. Wateja wataendelea kulipa, ila si kwenu. Mara moja kwa mwezi mtu aifungue tovuti na kuisoma nambari hiyo kwa sauti, mwingine akiilinganisha na ile iliyo kwenye kitabu. Ni vizuri pia iwe Paybill ya jina la kikundi badala ya simu ya mtu binafsi. Viongozi hubadilika na simu hupotea.

MANENO YA KUWEKA

Vikundi vingi huandika hivi: "Sisi ni kikundi chenye maono ya kuinua jamii na kuboresha maisha." Ni maneno mazuri. Lakini yanaweza kuwa ya kikundi chochote duniani, na mnunuzi hajui kama mnauza viondo au mnauza kuku. Linganisheni na haya: "Sisi ni akina mama 23. Tunasuka viondo vya mkonge vya saizi tatu. Kwa mwezi mmoja tunaweza kutoa viondo 40. Ukiagiza zaidi ya hapo, tupe miezi miwili. Rangi nyeusi na ya kahawia ziko wakati wote. Nyingine kwa kuagiza." Mtu akisoma haya anajua pa kuanzia. Tena hamjamdanganya. Kikundi kinachoandika viondo 500 na kutoa 40 kitapata oda moja tu maishani mwake.

Kila habari iwe na tarehe. Habari isiyo na tarehe haimsaidii mtu, maana hajui kama mkutano mnaotangaza ni wa mwezi huu au wa miaka mitatu iliyopita. Mambo yanayobadilika kila wiki, kama bei za sokoni, afadhali yasiwekwe, ila kama yuko mtu aliyekubali kuyabadilisha kila wiki na jina lake likaandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano. Kurasa nne zinazotunzwa zinatosha: sisi ni nani, tunafanya nini, bidhaa, na jinsi ya kutufikia. Mambo ya ziada hupendeza siku ya kwanza tu.

PICHA NA BANDO LA MGENI

Picha ya simu ya siku hizi mara nyingi huwa na megabaiti 3 au 4, pengine zaidi. Tuseme mmeweka picha 12 za megabaiti 4 kila moja kwenye ukurasa wa bidhaa. Hizo ni megabaiti 48. Mgeni aliyenunua bando la megabaiti 50 amelimaliza karibu lote kwa kuangalia viondo vyenu, kama kweli atangoja ukurasa ufunguke. Mkizipunguza kwanza mpaka upana wa pikseli 1,200 hivi, kila picha yaweza kushuka hadi kilobaiti 150 au 200, na kwenye skrini bado itapendeza. Zote 12 hazitafika megabaiti 3. Programu za bure za kupunguza picha ziko, na simu nyingi zinaweza kufanya kazi hiyo zenyewe.

Chini ya kila picha andikeni kwa maneno ni kitu gani. Wako wasioona ambao simu huwasomea ukurasa kwa sauti, na mara nyingi simu haiwezi kuwaeleza vizuri picha isiyo na maneno. Zimeni pia ile sehemu ya kamera inayorekodi mahali picha ilipopigwa, la sivyo picha ya mama akisuka mlangoni kwake inaweza kubeba ndani yake ramani ya nyumba yake. Na msichukue picha za watu wengine kwenye mtandao mkazifanya zenu, hata kama kiondo kinafanana. Picha ina mwenyewe.

MAMBO YASIYOWEKWA

Hapa tunaomba mkae kidogo, msipite haraka.

Kikundi kinataka wafadhili waone kazi yake. Kinaandika habari za mama mmoja mwanachama: jina lake, kijiji, picha yake, kwamba ni mjane, kwamba anatumia dawa, kwamba kikundi kilimlipia karo ya binti yake. Nia ni njema. Lakini binti huyo yuko kidato cha pili, na wenzake wana simu. Jioni moja mwanafunzi mmoja anaandika jina la kijiji chao kwa kutafuta jambo lingine kabisa, na anaipata habari yote. Kesho yake darasa zima linajua. Ni nani atakwenda kumtuliza mtoto huyo? Yule mfadhili hatajua, na pengine kikundi pia hakitaambiwa.

Mtasema, basi tutafuta. Futeni, lakini mjue kwamba kufuta kunaondoa ile nakala yenu. Aliyepiga picha ya skrini anayo. Aliyetuma kwa WhatsApp ameshatuma. Liko hata shirika huko Marekani, Internet Archive, ambalo tangu mwaka 1996 limekuwa likihifadhi nakala za kurasa za tovuti za dunia. Ndiyo maana uamuzi hufanywa kabla ya kupakia.

Sheria nayo imeingia. Bunge letu lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019. Kwa ufupi, habari za mtu ni za mtu. Kama mnategemea ruhusa yake, ni lazima aelezwe zitatumiwa kwa kazi gani, akubali kwa hiari, na ana haki ya kubadilisha nia baadaye. Habari za mtoto zahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Msidhani ni maneno ya vitabuni tu. Mwezi wa Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Klabu moja nayo ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja wake kwenye mitandao bila kumwuliza.

Kuomba ruhusa si kusema mkutanoni, "Kuna mtu anakataa?" Nani atainua mkono mbele ya mwenyekiti? Na yule mama ambaye kikundi kimemlipia karo atakataaje? Mwendeeni nyumbani, mtu anayemwamini, ikiwezekana mama mwenzake. Mwonyesheni kwa simu tovuti yenyewe, aone picha za wengine zinavyoonekana, na mwambieni wazi kwamba mtu yeyote ataziona, hata shemeji yake, hata mwalimu. Mwambieni pia kwamba akikataa msaada wake haukatiki. Mpeni siku mbili tatu. Akikubali atie sahihi au kidole gumba, na karatasi iwekwe kwenye faili. Mara nyingi mtaona jina si lazima. "Mama mmoja mwanachama wetu" inatosha, na picha ya mikono ikisuka huvutia wateja vizuri tu.

Kuna mengine ya kuacha nje, na haya hayahitaji maelezo marefu. Nambari za vitambulisho. Orodha ya waliochelewa kulipa mikopo, hata kama mmekasirika. Picha za ujumbe wa M-Pesa. Na siku ya kugawana akiba mwezi wa Desemba: kuna vikundi hutangaza siku, saa na nyumba, kwa furaha tu. Wezi nao wanasoma. Wekeni picha za sherehe ikiisha, pesa zikishafika manyumbani.

SIKU YA KUPAKIA

Yafaa kuwe na siku moja kwa mwezi, baada ya mkutano. Habari iandikwe kwanza kwenye kitabu kwa kalamu. Katibu aisome kwa sauti mkutanoni, wanachama wasahihishe, na kumbukumbu zionyeshe imepitishwa. Mtasema hii ni kuchelewesha mambo. Ndiyo, ni kuchelewesha kwa dakika kumi. Ni katika dakika hizo kumi ambapo mama aliyeketi nyuma husema, "Lakini hiyo bei tulishabadilisha."

Kisha mwandishi aandike kwenye tovuti na kuhifadhi kama rasimu, bila kuchapisha. Mtu wa pili aisome rasimu, aangalie majina, tarehe na nambari za simu tarakimu kwa tarakimu. Ndipo ichapishwe. Kazi haijaisha hapo: chukueni simu nyingine ambayo haijaingia ndani ya tovuti, ifungueni kama mgeni, mwone kama picha zinatokea na kila kiungo kinafika mahali pake. Mwishowe andikeni kwenye daftari la tovuti tarehe, kilichowekwa au kutolewa, aliyeandika na aliyekagua. Daftari la shilingi chache tu. Mgogoro ukitokea litawasaidia kuliko kumbukumbu za kichwa.

Nakala ya maandishi na picha zote ziwekwe pia kwenye flashi, na flashi hiyo isikae nyumba moja na kompyuta. Na tovuti yenyewe ikiomba programu zake zisasishwe, msimamizi asiahirishe mwezi baada ya mwezi. Wavunjaji wengi huingia kupitia programu zilizozeeka.

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Vikundi vilivyo na tovuti: mwulizeni fundi wenu jina limesajiliwa kwa nani na linaisha tarehe gani, na awaonyeshe, asiwaambie kwa mdomo tu. Hesabuni ni watu wangapi wana neno la siri, na kama kuna aliyetoka kikundini lakini bado analo. Fungueni kila picha iliyo na uso wa mtu, mkitafuta karatasi yake ya ruhusa kwenye faili. Isipokuwapo, picha itolewe jioni hiyo hiyo, halafu ndipo mwende mkamwulize mwenyewe.

Vikundi visivyo na tovuti: andikeni kwenye karatasi moja zile kurasa nne. Kama baada ya mikutano miwili karatasi bado haijajaa, msimlipe fundi yeyote kwa sasa.